Gari mpya zinaboa kweli? Niliyojifunza kwenye kona za Soni

Kila nikipaki Corolla yangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, lazima mtu asogee aniulize, dada, hii KE70 (ndiyo jina la toleo la hii Corolla ya zamani) unaiuza? Nikimjibu siuzi basi stori inaanzia hapo hapo, gari za siku hizi hazina raha, ukikaa ndani unashikwa na usingizi, bora mchuma wa zamani. Sasa nimeamua kuandika ninachokijua, maana kuna watu wanauza gari nzima ya familia kwa hamu tu ya kununua ya 1982, na kuna wengine gari mpya inawaboa na hawajui inawaboa kwa nini.

Nyumbani tunazo zote mbili. KE70 aliniachia marehemu baba, ndiyo niliyojifunzia kuendesha barabara ya kwenda Pongwe nikiwa na miaka kumi na tisa, injini ya 4K, kabureta, gia za mkono, haina pawa staringi wala AC. Ya pili ni ya baba watoto, SUV ndogo ya Kijapani ya 2014, otomatiki ya CVT, aina isiyo na gia za hatua. Naziendesha zote kila wiki, na upande wangu nausema mapema: ndiyo, mpya inaboa zaidi. Ila watoto wangu wakisafiri kwenda Dar wanapanda hiyo hiyo inayoboa na silijadili hilo na mtu.

Watu wengi wakisema gari ya zamani ina raha wanadhani ni spidi. Jamani KE70 haina spidi! Raha yake ni kwamba inakupa kazi na inakupa habari. Asubuhi ya baridi kule Lushoto unavuta choki, ile ya kuipa injini baridi petroli nzito, unakanyaga mafuta mara mbili, unapiga stata, inakohoa, inashika, halafu unairudisha choki kidogo kidogo huku sikio liko kwenye injini, ukiwahi inazima, ukichelewa unanusa petroli. Hata hujatoka getini tayari mko wawili mnaongea. Ukiingia barabarani mkono unajua gia ya tatu imechoka kwa sababu nobu ya gia inatetemeka kiganjani, huhitaji kuangalia geji yoyote.

Mpya haina hayo, na siyo kwamba mainjinia wamesahau. Angalia uzito tu, KE70 haifiki tani moja, Corolla ya sasa inavuka tani moja na robo, na kilichoongezeka humo ni vyuma vya kukukinga ukigongwa, airbag, sponji za kuzuia kelele, mota za vioo. Usukani nao una hadithi yake. Wangu hauna pawa, kugeuza pale stendi ya Kange unatoka jasho, lakini gari ikishatembea unahisi kabisa tairi la kushoto limekanyaga mchanga. Zikaja pawa za oili, pampu inazungushwa na mkanda wa injini, bado habari zilikuwa zinafika mkononi. Mwaka 1988 Suzuki wakaweka usukani wa mota ya umeme kwenye Cervo, na leo karibu gari ndogo zote ziko hivyo, kwa sababu mota inafanya kazi pale unapokata kona tu wakati pampu inakula nguvu ya injini muda wote. Mafuta yanapona, mkono unabaki hauna habari. CVT ndiyo kabisa, ni puli mbili na mkanda wa chuma katikati, hakuna gia za kuhesabu, spidi inapanda na mlio wa injini umekaa pale pale.

Na hapo ndipo panapoleta balaa. Kwenye KE70 spidi 60 unaijua kwa masikio, upepo unalia, kioo kinagonga, mwili wote unakwambia hapa tunakimbia. Kwenye mpya 80 imetulia kama umekaa sebuleni. Nilipigwa tochi naingia Muheza, kibao cha 50 nimekiona kabisa na nikaamini moyoni niko 50, askari akanionyesha 71. Nililipa elfu thelathini yangu bila ubishi kwa sababu mashine ilikuwa sahihi na mwili wangu ndio ulionidanganya.

Ila la Soni, kwenye barabara ya mlimani ya Lushoto, ndilo lililonifanya niandike hii makala.

Tulienda Lushoto kuzika, kurudi nikashika mimi usukani wa ile mpya, baba watoto amechoka, watoto nyuma wamelala na peasi zao mapajani. Wanaoijua ile barabara ya kushuka Mombo wanajua, nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kona moja haijaisha nyingine imeanza. Gari kimya, AC inapuliza, lami nzuri, nimeweka D na mguu nimeulaza kwenye breki toka juu. Chini kidogo ya Soni nikaanza kusikia harufu, kama plastiki inayoungua, nikadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedeli ikaingia ndani kuliko kawaida, laini, kama unakanyaga godoro. Moyo ulinipasuka. Nikavuta lever mpaka L, gia ya chini, injini ikanguruma, gari ikajishika, nikatafuta sehemu pana nikapaki. Ringi za mbele zilikuwa zina joto huwezi kusogeza mkono. Tulikaa pale kama dakika arobaini mpaka zikapoa zenyewe, usizimwagie maji hata siku moja, diski ya moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka.

Gari haikuwa na ubovu wowote, kosa lilikuwa langu, kulaza mguu kwenye breki mlima mzima badala ya kuiachia injini ishike ndiko kulikozichemsha breki. Kinachoniuma ni kwamba kwenye KE70 nimeishuka ile barabara zaidi ya mara ishirini na sijawahi kufanya vile, maana injini ikianza tu kuvuta kwa kasi mkono wenyewe unarudisha gia ya pili bila hata kufikiri. Ile nyingine ilinibembeleza mpaka nikasahau naendesha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ukiwa na gari otomatiki usiache kutumia L au S au 2, vyovyote walivyoandika kwenye gari yako, hasa sisi wa Tanga tunaopanda Amani na Lushoto. Gia ya kushukia ni ile ile ya kupandia, hiyo kanuni ya zamani bado inafanya kazi kwenye gari ya kompyuta. Punguza redio kwenye mlima, fungua kioo hata nusu, sikiliza. Nimefanya hivyo tangu siku ile na nikwambie, hata kuboa kumepungua, kwa sababu kumbe ile gari ilikuwa na sauti, mimi ndiye nilikuwa nimejifungia.

Tena usije ukanielewa vibaya nikisifia za zamani. Mwaka jana maeneo ya Mkata mvua inanyesha Fuso ikafunga breki mbele yangu ghafla, nikakanyaga zote na ile mpya, pedeli ikapiga dududududu chini ya mguu, ABS hiyo, mfumo unaozuia tairi zisifunge, na usukani ukaendelea kunitii nikaipita kwa pembeni. Teknolojia hiyo ilianza kuingia kwenye Mercedes S-Class mwaka 1978, na mwaka mmoja tu baadaye KE70 ilipotoka haikuwa nayo. Kwa KE70 tairi zingefunga, gari ingeserereka moja kwa moja mpaka kwenye bodi ya Fuso. Mtu anayekwambia breki za zamani ni bora amebahatika, hajakutana na Mkata yake.

Fundi wangu yuko barabara za Ngamiani kule, mzee wa watu, ukimpa shikamoo anakuitikia halafu anakupa historia. Anapenda kusimulia enzi za Safari Rally, dereva Shekhar Mehta alivyochukua ushindi mara nne mfululizo na Datsun, 1979 mpaka 1982. Siku moja nikamuuliza, mzee, ungekuwa unanunua leo ungechukua ipi? Akaniambia, "Mwanangu, ya kazi nunua mpya, ya moyo nunua nyepesi." Nimelifikiria sana hilo neno nyepesi, hakusema ya zamani. Ukitaka raha bila kuhangaika na kabureta tafuta kitu chepesi chenye gia za mkono, Suzuki Jimny ya manual kwa mfano, au Swift Sport ya kuanzia 2005, nyingi zina ABS na airbag na bado zinaongea na wewe. Piga hesabu vizuri tu kabla ya kuagiza nje, gari kuukuu inaongezewa kodi ya uchakavu na watu wengi wanashtukia bandarini.

Na kama moyo umeng'ang'ania ya zamani kabisa kama wangu, sawa, ila iwe ya pili nyumbani, isiwe tegemeo la kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bombo usiku. Spea za 4K bado zinapatikana, fundi yeyote mtu mzima anaijua, injini haina noma. Adui yetu huku ni kutu. Upepo wa bahari unakula bodi kimya kimya, gari iliyolala miaka Raskazone inaweza kung'aa kwa rangi mpya na chini ni chapati. Inua kapeti zote, hata kama mwenye gari ananuna, gonga sakafu kwa ufunguo wa spana usikilize kama chuma au ni bati lililochomelewa, angalia chini ya milango na pale kioo cha mbele kinapokutana na bodi. Nenda asubuhi, mwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha, ikiwa ya moto jua kuna kitu ameshaficha kuhusu inavyowaka, mwambie utarudi kesho.