Kusafisha filamu nyumbani ukiwa pwani: lenga nyuzi 24

Karibu maelekezo yote ya kusafisha filamu ya rangi nyeusi na nyeupe yanataka dawa iwe nyuzi joto 20. Dar es Salaam au Mombasa maji ya bomba mchana hukaribia 30, na hapo ndipo wengi wanaoanza huharibikiwa, wala si kwenye kamera. Usihangaike kushuka hadi 20. Lenga 24, ila kila kitakachogusa filamu, hata maji ya kusuuzia, kiwe hapo hapo. Filamu ikitoka kwenye dawa baridi na kutumbukizwa kwenye maji yenye joto zaidi, utando wake huweza kuvimba na kufanya mikunjo midogo isiyofutika.

Tuchukue filamu ya HP5 Plus ya milimita 35 na developa, yaani dawa ya kutokeza picha, aina ya ID-11. Bila kuzimuliwa, dawa hii huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Joto likifika 28, muda unaanguka chini ya dakika 5 na picha huweza kutoka na mabaka, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kufanya kazi sawasawa. Kwa hiyo izimue nusu kwa nusu: mililita 150 za dawa, 150 za maji, kwa rola moja kwenye tanki dogo lisilopitisha mwanga. Sasa ni dakika 13 kwa nyuzi 20, au takriban 9 kwa nyuzi 24. Ikishatumika, haitumiki tena.

Panga chupa za developa, fiksa (dawa ya kukazia picha) na lita moja na nusu ya maji ndani ya beseni, kisha weka humo chupa ya soda iliyogandishwa ielee. Barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua zaidi. Kipimajoto cha homa hakikufai, hakisomi chini ya thelathini na kitu. Tafuta cha jikoni au cha maabara.

Kuvisha filamu kwenye rili (gurudumu linaloishika ndani ya tanki), gizani kabisa, ndiko kunakotoa watu jasho, na jasho lenyewe ndilo adui. Rili ikiwa na unyevu kidogo tu, filamu hunata katikati na kukataa kusonga. Ikaushe kabisa, mikono pia, na fanya usiku kukiwa na ubaridi. Jizoeze kwanza mwangani kwa rola iliyokwisha muda, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Taa nyekundu isikudanganye: filamu hii inauona mwanga huo pia.

Mimina developa, pindua tanki mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika. Gonga tanki mezani kila ukimaliza kupindua, mapovu yatoke. Muda ukiisha mwaga, suuza kwa maji dakika 1, halafu tia fiksa ya maji iliyozimuliwa 1 kwa 4, yaani mililita 60 na maji 240. Kabla ya hapo, chovya kipande cha ulimi wa filamu (ncha yake ya mwanzo) kwenye fiksa hiyo na uhesabu muda hadi kiwe angavu, kinaonyesha upande wa pili. Muda huo mara mbili ndio wa kukazia rola yako.

Kusuuza hakuhitaji bomba lifunguliwe nusu saa. Jaza tanki, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10. Tena, mara 20. Anika bafuni, feni ikiwa imezimwa, maana vumbi likinasa kwenye filamu mbichi halitoki.

Negativu, yaani picha zilizo kwenye filamu iliyosafishwa, zikitoka tupu, tazama kingo. Namba na jina la filamu zikionekana, developa haina kosa: filamu haikupigwa mwanga, mara nyingi kwa kuwa haikushika kwenye kamera na haikusogea. Kingo nazo zikiwa tupu, developa imekufa au fiksa ilitangulia kuingia. Zikiwa na ukungu wa maziwa, zirudishe kwenye fiksa mpya. Hizo bado zinaokoka.