Barua kwa mwanangu: deni kwanza au akiba?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Umeuliza hivi: una akiba kidogo na una mkopo unaokatwa kila mwezi, je, utoe akiba yote uumalize mkopo, au uiache akiba ikae huku ukiendelea kukatwa? Umesema roho inakuuma kuigusa kwa kuwa ndiyo akiba yako ya kwanza. Nakuelewa, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuamua.

Jibu langu ni kwamba ulipe deni, ila usiikaushe akiba.

Chukua kiasi cha 1,000 cha fedha yoyote ile. Kikikaa kwenye akiba inayolipa asilimia 6 kwa mwaka, mwisho wa mwaka kimezaa 60. Deni la kiasi hicho hicho likitozwa asilimia 24, lisipopunguzwa, limekula 240. Kwa hiyo kila 1,000 unayoilaza huku deni la namna hiyo likiendelea inakupotezea 180 kwa mwaka, ingawa ukitazama salio lako unaona linapanda. Wanaotunza akiba za watu huzilipia riba ndogo na kuzikopesha kwa riba kubwa zaidi, na tofauti hiyo ndiyo riziki yao. Kama akiba yako na mkopo wako viko mahali pamoja, inawezekana kabisa kwamba unalipia riba ya fedha zako mwenyewe.

Lakini usikimbilie kulipa kabla hujajua riba yako inapigwaje. Hapa ndipo nataka utulie, maana watu wengi wenye elimu zao hupapita haraka. Mkopo wa 1,200 wa mwaka mmoja, riba asilimia 12 juu ya mkopo wote: unaongezewa 144, unarudisha 112 kila mwezi. Unaitwa mkopo wa asilimia 12. Ila kufikia katikati ya mwaka umesharudisha karibu nusu, na bado unatozwa kana kwamba 1,200 yote iko mikononi mwako. Ukiupima kwa riba ya salio linalopungua, yaani riba inayotozwa juu ya deni lililobaki tu, mkopo huo ni wa zaidi ya asilimia 21 kwa mwaka. Mikopo ya muda mfupi ni mikali zaidi. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini usipolipa chochote na riba ikawa inazaa riba, 1,000 inapita 3,100 ndani ya mwaka.

Basi nenda kwa aliyekukopesha umuulize mambo mawili, na majibu uyapate kwa maandishi. Nikilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Je, kuna faini ya kulipa kabla ya wakati? Kuna mikopo ambayo riba yote huhesabiwa siku ya kwanza na hata ukilipa mapema haipungui. Mkopo wa namna hiyo huna faida ya kuuharakisha. Endelea na marejesho yako kama kawaida, akiba yako ibaki. Kama riba inafutwa, lipa bila kusita.

Sasa kwa nini nakwambia usitoe yote? Kwa sababu nimelea watoto. Mtoto hupandwa na homa usiku wa manane, bomba hupasuka, mshahara huchelewa, na mambo hayo hayasubiri umalize kulipa deni. Asiye na kitu siku hiyo hukopa kwa yeyote atakayempa haraka, na anayetoa haraka ndiye mwenye riba kubwa. Bakiza matumizi ya lazima ya mwezi mmoja: pango, chakula, nauli, dawa. Kinachozidi hapo peleka kwenye deni. Deni likiisha, kiasi kile kile ulichokuwa unakatwa kiendelee kutoka kila mwezi, ila sasa kiende kwenye akiba mpaka ufikie matumizi ya miezi 3 hadi 6. Utakuwa umeshazoea kuishi bila fedha hiyo, kwa hiyo haitakuuma.

Jambo jingine nimeliona kwenye ujumbe wako na limenigusa. Umesema mkopo wenyewe uliuchukua kwa "dharura" ya ada. Mwanangu, ada haikuwa dharura. Tarehe yake ilijulikana tangu mwaka unaanza. Unakumbuka zile bahasha tulizokuwa tukiziweka kabatini, kila moja imeandikwa jina? Baba yako na mimi tulichukua ada ya mwaka mzima tukaigawa kwa 12, na sehemu ya mwezi iliingia kwenye bahasha siku mshahara unapofika, kabla ya matumizi mengine yoyote. Muhula ulipofunguliwa tulilipa kwa mkupuo, na mwezi huo tukala kama mwezi mwingine wowote. Fanya vivyo hivyo kwa ada, bima na kila malipo yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka. Siku hizi huhitaji bahasha. Akaunti ya pembeni inatosha, mradi isiwe ile unayoitumia kila siku.

Ndugu wakijua una akiba watakuja, na wengine watakuwa na shida ya kweli. Msaidie unayeweza, kwa kiasi ambacho hata kisiporudi hamtalala na njaa. Udhamini wa mkopo ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani: uliyemdhamini asipolipa, deni ni lako.

Na mwenzio je, analijua deni hili? Hukumtaja hata kidogo, na hilo limenitia wasiwasi kuliko deni lenyewe. Mweleze kabla hujagusa akiba, na muonyeshe taarifa ya mkopo yenyewe. Atapata nafasi ya kubana matumizi pamoja nawe, na wewe hutalazimika kutafuta sababu kila fedha inapopungua nyumbani.

Ukishazungumza naye, niandikie kiasi kilichobaki, riba yake, miezi iliyosalia na majibu uliyopewa kuhusu kulipa mapema. Nitazipiga hesabu hizo upande wangu, nawe uzipige upande wako, tuone kama tunafika pamoja.

Nakupenda sana.

Mama yako