Jibu: Shule ndogo kupangwa na vigogo kwenye chemsha bongo ya Marekani

Mkuu, umeuliza kama shule ndogo hupangwa na vigogo, yaani shule kubwa. Kwenye huu ubingwa wa taifa wa NAQT, kampuni ya Marekani inayoandaa mashindano ya chemsha bongo, hapana. Ni wa shule ndogo tu: wanafunzi wa darasa la 10 hadi la 12 wasizidi 500. Shule za kawaida za serikali zina kundi lao, za binafsi zinacheza kundi la wazi.

Utamu sasa uko kwenye kitufe, kile cha kubonyeza ukitaka kujibu. Swali huanza na dokezo gumu, likazidi kulainika. Ukiwahi ukapatia, pointi 15, ukichelewa, 10. Ukimkatiza msomaji ukakosea, mnakatwa 5, na wapinzani wanasomewa lililobaki kwa raha zao. Wenye kiherehere huwaponza wenzao sana hapo! Uwanjani mnaingia wanne tu, kwa hiyo hata kashule ka kijijini kenye vichwa vinne kanatisha.