Maswali na Majibu: Kumchora Ankou kwa Rangi za Maji

Barua nyingi za safari hii zinamhusu Ankou, mchukuzi wa roho katika simulizi za Wabretoni wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa.

Nitumie nyeusi gani ya tyubu kwa nguo zake?

Usitumie yoyote. Swali hili linarudi kila mara na jibu ni lilelile. Nyeusi ya tyubu hukauka ikiwa bapa kama masizi, na picha nzima inakufa nayo. Changanya ultramarini (bluu iliyokolea) sehemu mbili na siena iliyochomwa (kahawia nyekundu) sehemu moja, nzito kama krimu. Ipitishe mara moja tu, usisugue. Chembe za bluu zitatua kwenye vishimo vya karatasi, na kitambaa kitaonekana kina nyuzi. Iweke iwe nzito kuliko unavyotaka, maana ikikauka hufifia. Bluu ya ftalo iache: ikishashika karatasi, huitoi.

Nimemvika joho lenye kofia ya kufunika kichwa, kama kifo cha kwenye filamu. Sawa?

Si sawa, na hili linaniuma. Huyo ni kifo cha kila mahali. Ankou ana kwao. Simulizi zilizokusanywa na Anatole Le Braz, mwandishi Mbretoni, zilizotoka mwaka 1893, zinamwonyesha mtu mrefu, mwembamba mno, mwenye nywele ndefu nyeupe na kofia ya pama inayoficha uso. Au ni mifupa iliyovikwa sanda, yenye kichwa kinachozunguka bila kukoma. Mundu wake wa mpini mrefu una makali yaliyogeuzwa nje: mvunaji huuvuta kwake, yeye huusukuma mbele. Ukikosea hapo, umemchora mkulima. Tazama pia sanamu ya mbao ya kanisa la Ploumilliau, yenye mundu na sepetu, au ile ya nyumba ya mifupa ya La Roche-Maurice, ya mwaka 1639, ambako ameshika mshale na maneno yake ni "nawaua nyote".

Na msimwite shetani. Hahukumu wala haadhibu. Kwa simulizi nyingi ni mfu wa mwisho wa mwaka katika parokia, aliyepewa zamu.

Karatasi ya printa inafaa?

Hapana. Gramu 300 kwa mita ya mraba, pamba tupu.

Ukungu wangu umejaa mabaka yenye kingo za mikunjo kama koliflawa.

Ulirudi na brashi yenye maji mengi wakati rangi imeanza kukauka. Maji mapya husukuma chembe hadi ukingoni na kuziacha hapo. Inamisha karatasi kwenye mwanga: ikimetameta kama kioo, ongeza rangi, mng'ao ukififia, ondoa mkono. Subiri hadi mgongo wa kiganja usihisi ubaridi, kisha lowesha upya eneo lote. Nyinyi wa Mombasa, Tanga na Dar, unyevu wa hewa huchelewesha ukaukaji, basi msikadirie kwa saa.

Nywele nyeupe nizifanyeje?

Acha karatasi yenyewe. Kwa nyuzi nyembamba tumia mpira wa maji wa kuzibia, unaozuia rangi isifike kwenye karatasi, kwa brashi kuukuu uliyoichovya kwanza kwenye sabuni, la sivyo nywele zake zitagandamana. Ubandue siku hiyohiyo, karatasi ikiwa kavu kabisa. Usiianike juani wala kuipuliza kwa kikausha nywele: joto huushikamanisha, na ukiuvuta unang'oka na ngozi ya karatasi.

Mkokoteni wake husikika ukilia ekseli kabla hajaonekana. Sauti nitaichoraje?

Swali zuri kuliko yote. Mkokoteni uzame nusu kwenye ukungu. Farasi wawili wafuatane, wa mbele amekonda, wa nyuma amenona. Gurudumu moja lipige kwa brashi kavu, mduara ukatike mahali pawili au patatu ili jicho lihisi linayumba. Kisha, mbali kabisa, weka dirisha moja la njano hafifu, na ndani yake kichwa kidogo cha mtu aliyegeuka upande wa barabara.