Nichukue lori la mkataba? Mke wangu hataki

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa niko Iowa, Marekani, na mke na watoto watatu. Huu ni mwaka wangu wa tatu naendesha lori la kampuni, senti 55 kwa maili. Kampuni imeniambia naweza kuchukua lori kwa mkataba: dola 950 kila wiki kwa wiki 156, mwisho naongeza dola 20,000, lori linakuwa langu. Nitahesabiwa dereva wa kujitegemea na kila maili nitalipwa dola 1.70. Ni mara tatu ya ninachopata sasa! Mke wangu hataki hata kusikia, anauliza tutakula nini lori likiharibika. Shemeji yangu alichukua lake mwaka jana, kila siku ananitumia picha. Mimi nimechoka kuendesha mali ya mtu. Wanataka sahihi yangu kabla ya Ijumaa. Picha ya lori nimeshaituma nyumbani na wazee wameshaliombea. Nifanyeje?

Dereva, Iowa

*

Marahaba mwanangu, na pole na barabara.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Wengine hawajui kwamba Shangazi wenu anaishi kwa kuwaandalia madereva hesabu za kodi, na kuanzia Januari hadi Aprili meza yangu ya jikoni haina pa kuweka sahani. Kwa hiyo umegonga mlango wenyewe.

Tuanze na hiyo dola 1.70, maana ndiyo iliyokulevya. Tuseme wiki yako nzuri ni maili 2,400. Hiyo ni dola 4,080. Hapo ndipo ulipoachia kalamu ukatabasamu. Ishike tena. Lori lenye mzigo huenda kama maili sita na nusu kwa galoni moja, kwa hiyo umechoma galoni 369. Dizeli tukiiweka dola 3.80, zimeondoka 1,402. Lori lenyewe, 950. Bima, kukodi tela, kile kidude cha kurekodi saa zako na makato mengine ya hapa na pale, tuyaweke 400 kwa pamoja, wewe utayatazama kwenye mkataba wako. Akiba ya matengenezo, senti 12 kwa maili, ni 288. Umebaki na dola 1,040.

Kwa senti 55 zako za sasa, maili hizohizo zinakupa 1,320. Na lori likizima katikati ya Nebraska saa nane za usiku, gharama ya fundi ni ya kampuni, maana lori ni lake.

Hiyo 1,040 nayo haijaguswa na kodi. Ukiwa mwajiriwa, mwajiri anakuchangia nusu ya makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Ukiwa wa kujitegemea, asilimia 15.3 yote inatoka kwako, pamoja na kodi ya mapato, na hakuna anayekukata kidogo kidogo. Unapeleka mwenyewe mara nne: Aprili, Juni, Septemba, Januari. Zipo nafuu, sikatai. Mafuta, malipo ya lori, posho ya chakula ukiwa njiani, vyote hupunguza kiasi kinachotozwa. Lakini wateja wangu wa mwaka wa kwanza wengi hukumbuka neno kodi wakiwa wameshakaa mbele yangu, na hela imeshaliwa.

Halafu hizo nilizokupigia ni hesabu za wiki nzuri. Mtoto akilazwa ukabaki nyumbani wiki nzima, lori halijui. Mia tisa na hamsini inaandikwa, bima inaandikwa, tela inaandikwa. Jumatatu unawasha injini ukiwa nyuma kwa dola 1,350. Nimewahi kushika karatasi ya malipo ya wiki ya mteja wangu ambayo mstari wa mwisho ulikuwa na alama ya kutoa. Ameendesha siku sita, amelala kwenye maegesho, ameoga kwa foleni, na Ijumaa yeye ndiye anadaiwa. Aliniuliza kama nimeisoma vibaya.

Najua kinachokuvuta. Nyumbani tumeona vijana wakichukua bodaboda za mkataba, wakalipa kila siku, wakamaliza, wakapewa kadi zao. Tatizo ni kwamba mwenye bodaboda anataka hela yake tu jioni. Abiria unatafuta mwenyewe, kijiwe kikikauka unahamia stendi. Hapa aliyekukodisha lori ndiye huyohuyo anayekupa mzigo. Mwezi ukiwa mbaya dispacha, yule mgawa mizigo wa kampuni, akakupa maili 1,500 badala ya 2,400, yeye hajapoteza kitu, 950 yake iko palepale. Ukitaka kulihamishia lori kwenye kampuni nyingine yenye mizigo, mikataba mingi ya aina hii haikuruhusu. Unatoka, unaliacha, na wiki zote ulizolipa unaziacha humo ndani.

Mteja wangu mwingine alikabidhiwa lori la miaka miwili, limeoshwa linang'aa. Siku ya tatu akafungua droo iliyo chini ya kitanda akakuta kandambili ya mtoto, mguu mmoja, na risiti za dizeli za mtu mwingine. Akauliza uwanjani. Kumbe yeye alikuwa wa tatu kulichukua kwa mkataba uleule. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza huyo anayekuharakisha ni hili: kabla yangu lori hili limechukuliwa na madereva wangapi, na ni wangapi katika kampuni hii waliomaliza wiki zote wakaondoka na kadi yenye majina yao? Akikujibu kwa hadithi badala ya idadi, umeshajibiwa.

Wala hii si chuki ya Shangazi. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliunda kamati ya kuchunguza mikataba hii ya malori Marekani, na ripoti yake ya Januari 2025 ilipendekeza Bunge liipige marufuku mikataba ya kukodi-ununue. Marufuku haijawekwa, ndiyo maana bado unatafutwa. Ila kanuni za usafirishaji za serikali kuu, sehemu ya 376, zinataka mkataba wako na kampuni utaje kila kato na namna linavyokokotolewa, malipo yako yatoke ndani ya siku 15 baada ya kukabidhi karatasi za mzigo, na akiba waliyokukata irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha, wakishatoa wanachokudai kihalali. Ukurasa wa mkataba usioonyesha hayo usiutie hata herufi ya kwanza ya jina lako.

Sasa tuache kikokotoo.

Umeniandikia kwamba mkeo hataki hata kusikia. Halafu mwenyewe ukanukuu alichosema: tutakula nini lori likiharibika? Mwanangu, hilo ni swali. Mama watoto ameuliza swali, nawe badala ya kumjibu ukaniandikia mimi. Leo chukua karatasi, mwandikie hizo hesabu nilizokupigia, weka namba za mkataba wako badala ya zangu, kaeni mezani watoto wakishalala. Yeye ndiye anayelipa bili ukiwa Wyoming, anajua wiki ya hela ndogo inavyofanana kuliko unavyojua wewe.

Na shemeji, mwache aendelee kutuma picha. Ila mwombe nyingine: karatasi zake za malipo za wiki nne mfululizo, ikiwemo ya wiki aliyokaa nyumbani. Akituma, nitumie na mimi.

Kutaka lori lako sikulaumu hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya mgao ana haki ya kutamani kitu chenye jina lake. Ninachokataa ni njia hii. Kwa miezi sita ijayo, wewe na mkeo jaribuni kuishi kama ambao mmeshalichukua: katika kila wiki ya 1,320, tumieni 1,040 tu, hizo 280 ziende akaunti ya peke yake isiyoguswa. Miezi sita ni zaidi ya dola 7,000. Nyumba ikiyumba, mtakuwa mmejua bila kusaini chochote. Ikisimama, endeleeni, kisha nendeni benki au chama cha akiba na mikopo mkaulize mkopo wa lori lililotumika. Hilo kadi yake inakuwa na jina lako, benki ikiwa imeweka tu dai lake juu yake, na kampuni ikikubania mizigo unaondoka na lori lako. Kabla ya kulilipia, lipia kwanza fundi asiyemjua muuzaji, asome kompyuta ya injini na akague ule mfumo wa kusafisha moshi. Huo ukifa barabarani ni maelfu ya dola, muulize dereva yeyote.

Kuhusu Ijumaa: Ijumaa ikipita malori yatakuwepo. Nimeyaona yamepangwa uwanjani mstari mzima, mengine bado yana vumbi la aliyeyarudisha juzi. Wakikupigia simu, waambie bado mnasoma mkataba, wewe na mama watoto.

Halafu piga Nyarugusu. Waambie wazee kwamba lile lori la kwenye picha ni la kampuni, na wewe ndiye dereva wake. Maombi yao hayajapotea, siku sita kwa wiki aliyemo ndani yake ni wewe.

Shangazi