Bruda ya vifaranga 100 nyumbani, kwa hali ya hewa ya Mtwara na Lindi

Vifaranga wa kisasa na chotara wanaofugwa huku Kusini wengi huja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Wamebanana ndani ya boksi la matundu kwa zaidi ya kilomita 400, hakuna tone la maji. Kiini cha yai kilichobaki tumboni humtunza kifaranga kama siku mbili hivi, lakini hakimlindi na kiu. Wakishushwa stendi hawana muda wa kukusubiri ukatafute mkaa. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe imewashwa tangu usiku uliotangulia. Weka kiganja juu ya maranda: ukisikia ubaridi, bado hapajawa tayari, hata kama hewa ya juu ina joto. Kifaranga hupoteza joto haraka kupitia miguu na tumbo.

Ukuta wa bruda ni duara. Hili halina mjadala, kwa sababu vifaranga wakipata baridi au hofu hukimbilia pembeni, na penye kona hurundikana mpaka wa chini wanakosa pumzi. Asubuhi unakuta kumi wamelala wamebapa, bila ugonjwa wowote. Kwa vifaranga 100 nunua hadibodi moja ya futi 8 kwa 4, ikatwe kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 40. Viunganishe kwa kupishana sentimita 10 kila kiungo, ubane kwa waya au klipu. Utapata duara lenye upana wa mita 2 na kidogo, linalotosha wiki ya kwanza na ya pili. Vifaranga wakiwa 20 au 30 tu, tenga kubwa lililozungushiwa gunia kwa ndani linafaa.

Chini tandaza maranda ya fundi seremala au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 8. Vumbi laini la msumeno usitumie: vifaranga hulila wakidhani ni chakula, na likipata maji linagandamana. Siku tatu za mwanzo funika kwa maboksi yaliyofunuliwa ili wasidonoe maranda. Usitumie magazeti, yanateleza, na kifaranga anayeteleza siku ya kwanza hutanuka miguu, mara nyingi asisimame tena. Siku ya nne ondoa maboksi, maana chini yake unyevu umeanza kujificha.

Sasa joto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na kwa ukanda wetu wa pwani kosa huwa ni kuzidisha. Vitabu vinasema nyuzi 32 hadi 34 wiki ya kwanza, kisha upunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Ni kweli, lakini vipimo hivyo ni vya pale kifaranga alipo, sentimita 5 juu ya maranda, pembezoni mwa chanzo cha joto. Si vya chumba kizima. Mchana wa Desemba chini ya bati, chumba chenyewe kinafika huko bila jiko. Anayeacha jiko linawaka saa saba mchana anawachemsha. Miezi hiyo, Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, toa jiko kama saa nne asubuhi na ulirudishe jua likielekea kuzama. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma usiku kucha, mambo hubadilika. Na kule juu Newala, penye ukungu na baridi ya asubuhi, jiko linaweza kuhitajika hata mchana. Mtu wa Newala asinakili ratiba ya mtu wa Mikindani.

Jiko la mkaa ndilo tegemeo la wengi, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku balbu haikusaidii kitu. Liwashie nje mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo uliingize. Liweke katikati juu ya matofali, lizungushie wavu ulio umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye jiko, kisha tandika majivu juu ya mkaa ili uwake taratibu. Dirisha la juu libaki wazi angalau shubiri moja. Hewa ya mkaa haina harufu: vifaranga husinzia, wanalegea, wanakufa wakiwa wametawanyika, na mfugaji anasingizia kideri, ugonjwa wa mdondo. Mtu naye asilale kwenye chumba hicho, hata kwa nia ya kuwalinda. Inaua mtu vilevile.

Maganda ya korosho yasiingie humo hata kidogo. Huku kwetu yanapatikana kirahisi na yanawaka vizuri, lakini mafuta yaliyomo hutoa moshi mkali unaochoma macho na koo. Mapafu ya kifaranga wa siku mbili hayauwezi.

Mwenye umeme wa kuaminika atumie balbu nyekundu ya joto ya wati 250. Moja inatosha vifaranga 80 hadi 100, ikining'inia kama sentimita 50 juu ya maranda. Itundike kwa mnyororo au waya wa chuma, usiitundike kwa waya wake wa umeme, maana ikianguka kwenye maranda nyumba inaungua. Balbu za kubana matumizi na za LED hutoa mwanga tu. Kila msimu kuna mtu anafunga tatu, anaona bruda inang'aa, anaamini ina joto.

Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe husema zaidi. Chuchumaa kimya dakika mbili kabla ya kugusa chochote. Wakiwa wamebanana kwenye jiko na kulia kwa sauti kali ya kukatakata, ni baridi. Wakiwa wamekimbilia ukutani, mabawa yameachia, midomo wazi, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja na kuacha mwingine mtupu, kuna upepo unaopenya: tafuta tundu, uzibe kwa gunia. Wanaoridhika wametapakaa, wengine wanakula, wengine wamejinyoosha usingizini shingo chini kama waliokufa, na sauti ni ya chini chini. Mwokote mmoja, weka nyayo zake shavuni kwako. Zikiwa za baridi, hana joto la kutosha, kipimajoto kiseme kitakavyo.

Wanapofika, wape maji kwanza, chakula kama saa moja baadaye. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, changanya sukari gramu 50, yaani vijiko vinne vya mezani, au glukosi kwa kipimo hicho hicho. Chovya mdomo wa kila kifaranga mara moja unapomtoa kwenye boksi, wenzake wataiga. Baada ya saa chache rudi kwenye maji ya kawaida, kwani sukari ikikaa huchacha na kuwaharisha. Vinyweshea viwili vya lita 3 au 4 vinatosha, na siku za mwanzo weka kokoto safi kwenye kingo wasizame. Chakula cha kuanzia kiwe kwenye sinia mbili, kingine kidogo ukimwage juu ya maboksi. Hesabu kilo moja hadi moja na nusu kwa siku kwa vifaranga 100 wiki ya kwanza. Kuku wa nyama watapita hapo.

Wanaochanganya chakula wenyewe waangalie dagaa. Dagaa wengi wa pwani wametiwa chumvi, na chumvi nyingi humfanya kifaranga anywe kupita kiasi, aharishe maji, ashindwe kusimama. Onja kabla ya kununua. Mashudu ya ufuta, ambayo Lindi si haba, ni mazuri kama sehemu ya protini ila hayatoshi peke yake, kwa sababu yana upungufu wa laisini, kijenzi cha protini. Mahindi au mashudu yenye ukungu tupa, wala usiyaanike ukidhani sumu itatoka.

Usiku wa kwanza, kama saa nane tangu wafike, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo kwa vifaranga kumi. Kikiwa laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Kigumu, hajapata maji. Kimejaa maji tu, hajaona chakula. Kitupu, hajaona chochote, na watatu wa hivyo kati ya kumi wanatosha kukuambia joto au mwanga umekosewa.

Masika ndiyo adui wa maranda. Kamata konzi moja, bana, achia: yakibaki donge, yamelowa. Toa sehemu iliyolowa, hasa kuzunguka vinyweshea, weka kavu, na nyanyua vinyweshea juu ya tofali. Maranda mabichi ndiyo chanzo kikubwa cha kuhara damu kuanzia wiki ya tatu. Ukichuchumaa macho yakawasha, hewa imeshaharibika kitambo kwa aliye sentimita 10 kutoka chini.

Chanjo hufuata kawaida: kideri siku ya 7, ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, rudia kideri siku ya 21 na Gumboro siku ya 28, ila uliza mtaalamu wa mifugo wa kata yako kwa aina uliyonunua. Maji ya kuchanjia yasiwe na klorini. Ya mvua au kisima safi yanafaa. Wanyime maji kama saa moja na nusu kabla, na maji yenye chanjo yaishe ndani ya saa mbili.

Ikifika wiki ya tatu, liondoe duara kabisa. Kufikia hapo wa pwani mara nyingi wanahitaji joto la alfajiri tu. Jaribu usiku mmoja bila jiko, kisha ingia saa kumi na moja alfajiri na tochi hafifu. Ukiwakuta wametawanyika, jiko litoke. Ukiwakuta rundo moja, lirudishe siku tatu nyingine ndipo ujaribu tena.