Kabla hujavunja seli kwa makro, soma hapa usije ukaharibu shiti ya watu

Wadogo zangu mnaoanza kazi za ofisini, hasa nyie mlotoka chuo juzi na mkaambiwa "wewe si umesoma kompyuta, hebu tupangie hii", hii ni yenu: jinsi ya kukata seli moja ya Excel iwe kolamu kadhaa kwa makro, yaani vijiamri unavyoandika ili Excel ivifuate yenyewe.

Mie nilianzia ofisi moja hapa Chake Chake, msimu wa karafuu umepamba moto, majamvi yameanikwa mpaka barazani. Kazi yangu kupokea orodha za wakulima kutoka vituoni. Sasa orodha zenyewe zinakuja mtu kajaza kila kitu ndani ya seli moja, jina koma shehia koma simu koma kilo, mistari mia nne na ushei, na bosi anataka kila kitu na kolamu yake kabla ya adhuhuri. Nikasema ah, hii si Split tu, ile amri ya makro inayokata maandishi vipande, dakika mbili nimemaliza.

Na kweli ilikwisha kwa dakika mbili. Nikajumlisha kilo, jumla ikaja zaidi ya milioni mia saba na sabini! Yakhe, karafuu hizo hata Indonesia yenyewe haizitoi kwa mwaka. Kumbe kuna mkulima mmoja shehia yake imeandikwa "Mtambwe, Kusini", na ile koma ya katikati imemsukuma kila mtu kiti kimoja: Mtambwe imekaa kwenye shehia, Kusini imekaa kwenye simu, na namba ya simu imeenda kukaa kwenye kilo. Excel haikulalamika wala nini, na bahati yangu ni kwamba namba ilikuwa kubwa ya kuchekesha, ingekuwa ndogo ningeipeleka hivohivo na pesa zingelipwa.

Kwa hiyo siku hizi kodi yangu, yaani maandishi ya makro (si ile ya mapato, mama yangu mpaka leo anajua nimeajiriwa kukusanya kodi) iko hivi:

Sub Vunja()
Dim i As Long, j As Long, mwisho As Long, v
mwisho = Cells(Rows.Count, "A").End(xlUp).Row
Range("E2:E" & mwisho).NumberFormat = "@"
For i = 2 To mwisho
v = Split(Cells(i, "A").Value, ",")
If UBound(v) = 3 Then
For j = 0 To 3
Cells(i, j + 3).Value = Trim(v(j))
Next j
Else
Cells(i, "A").Interior.Color = vbYellow
End If
Next i
End Sub

Unabonyeza Alt+F11 linafunguka dirisha la kuandikia makro, unaingiza moduli, unaibandika humo. Split inakupa vipande na inavihesabu kuanzia 0, basi vipande vinne maana yake UBound, yaani namba ya kipande cha mwisho, ni 3, hapa ndo wageni wengi wanapoteleza. Mstari wenye vipande vitatu au vitano hauguswi, unapakwa njano tu, afu unakwenda kuuangalia kwa macho yako. Hata seli tupu inaangukia humo, maana Split ya seli tupu inakupa UBound -1. Hiyo If ndo roho ya kodi nzima, iliyobaki utaipata popote.

Ule mstari wa NumberFormat je? Simu zetu zinaanza na sifuri, na Excel ikiona 0777 na kuendelea inajua ni namba ya hesabu, sifuri inaila. Ukiigeuza kolamu E kuwa ya maandishi kabla ya kuandika, sifuri inabaki, ila ukigeuza baada umechelewa, ishaliwa. Na usije ukafanya kolamu zote za maandishi kwa kuogopa, kilo zikiwa maandishi SUM inakupa 0 na utakaa saa nzima unatafuta kosa.

Tarehe ndo balaa jengine. Sisi tunaandika siku kwanza, lakini makro ikiandika "03/04/2024" kwenye seli ya kawaida inaisoma kimarekani, inakuwa tarehe 4 mwezi wa tatu. Afu "25/04/2024" inaisoma sawa kwa sababu mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo shiti yako nusu sahihi nusu uongo na huoni tofauti. Mie naivunja tarehe yenyewe kwa "/" halafu naijenga kwa DateSerial, mwaka, mwezi, siku.

Mengine ya harakaharaka. As Long usiandike As Integer, Integer inaishia 32,767 na shiti ina mistari zaidi ya milioni. Ukiseva kama xlsx ya kawaida makro inapotea, seva xlsm. Trim inakata spesi za kawaida tu, zile zinazokuja ukikopi kutoka kwenye tovuti ni Chr(160), zitoe kwa Replace kwanza. Kama mtu katenganisha kwa Alt+Enter ndani ya seli, kitenganishi chako ni vbLf, si koma. Na kama ni kazi ya mara moja tu, Text to Columns iliyoko kwenye Data inatosha, humo pia unaweza kuchagua kolamu ya simu iwe Text, huna haja ya kujionesha fundi.

Ila hili naomba mnisikize vizuri: makro ikishapita, Ctrl+Z hairudishi kitu. Ndo maana mie naandika kuanzia kolamu C na maandishi ya A siyagusi, na kabla ya yote nakopi shiti nzima pembeni. Mara ya kwanza mpite na F8, mstari kwa mstari, mkitazama vipande vinaangukia wapi.

Yule mzee wa kituoni anayejaza orodha nilimuomba atumie nukta mkato badala ya koma, na mie kwenye Split nikabadilisha hivohivo. Akakubali, mtu muungwana sana. Ila ghala likijaa watu anasahau, anarudi kwenye koma zake, na mie asubuhi nafungua shiti naikuta njano tupu.